Jirani wa Rafu ya Chini

Watu husema mawifi hawapikiki katika chungu kimoja. Mimi na wangu tumepikwa, tumeiva, na mpaka leo tunabishana nani alikuwa akikoroga. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani namsifu kwa sababu ni mke wa kaka yangu. Mke wa kaka simsifu bure. Namsifu kwa sababu nilimwona akianguka mbele za watu, nikamwona akiinuka mbele ya watu walewale, na katikati ya hayo sikumwona akidanganya hata mara moja, ingawa kudanganya kungemrahisishia sana maisha.

Mimi ni mtia rangi. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba ya mama: mapipa ya kuchovyea, majiko mawili, kamba za kuanikia mashuka na vitambaa, na mtaro unaotoka chini ya mapipa, ukafuata ukuta, ukamwaga kwenye mfereji wa mtaa. Siku ya bluu mtaro wangu ni bluu. Siku ya nyekundu majirani huniuliza nimechinja nini. Nilikwisha kuzoea. Niliyachukulia maji ya rangi kama jasho, kwamba ukifanya kazi lazima yatoke, na asiyetaka kuyaona atazame pengine.

Kaka yangu ni fundi wa friji na majiko ya umeme, mtu mpole asiye na makuu, ambaye akizungumza sana ujue ana homa. Alipomwambia mama kuwa amepata mchumba, msomi wa chuo kikuu, na kwamba kazi yake ni kutengeneza unga, mama alishika kichwa. Akauliza ni unga gani huo unaosomewa chuo kikuu. Ilichukua nusu ya jioni kumweleza kuwa ni ule unga mweupe wa titani unaotiwa kwenye rangi za kuta na dawa za meno, na kwamba huyo binti anataka kuufanya usafishe maji machafu kwa kuanikwa juani tu. Mama akasema heri angeelezwa hivyo tangu mwanzo, maana alikwisha anza kutafuta maneno ya kumfukuzia.

Binti mwenyewe alipokuja, alikunywa chai, akajibu kila alichoulizwa kwa heshima zote, lakini macho yake hayakubanduka kwenye mtaro wangu. Mwishowe akaniomba chupa moja ya yale maji. Nikamuuliza maji yapi.

"Yale ya bluu, wifi."

Wifi! Hata pete hajavishwa. Nilidhani ananikejeli, kwamba mimi ndiye mchafuzi wa mtaa na yeye amekuja kunionyesha. Nikamjazia chupa mpaka mdomoni, nikaifunga kwa nguvu zangu zote ili ahangaike kuifungua. Baada ya majuma machache akarudi na chupa ileile, na maji ndani yake yalikuwa meupe kabisa, unaona mpaka upande wa pili. Nikamwambia machoni kwamba amemwaga yangu akatia ya bomba. Akacheka. Mama alikaa pembeni na beseni lake la nguo, akatia neno lake bila kuinua kichwa: yeye ataamini siku maji hayo yatakapofua nguo nyeupe na nguo ikabaki nyeupe. Wifi akasema sawa, mama, nakubali.

Akanialika niende nikaone kwa macho yangu. Nikaenda, maana mimi sipendi kusimuliwa.

Maabara yake ya wakati huo ilikuwa chini kabisa katika jengo la zamani la chuo, chumba chenye madirisha yasiyofungika vizuri na sinki lenye doa la kutu. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na mabakuli ya kioo yamepangwa juani, na ndani yake maji yangu. Nilikaa nikayatazama yakififia kama shuka iliyoachwa kwenye kamba wiki nzima. Hapo ndipo aliponieleza kazi yake kwa maneno ninayoyaweza. Alisema kichocheo ni mshenga: anawakutanisha wawili, wanaoana, kisha yeye anaondoka mzima kwenda kutafuta kazi nyingine. Unga wake ni mshenga anayeamshwa na mwanga. Jua likiupiga, unaikutanisha rangi na hewa iliyo ndani ya maji, rangi inavunjikavunjika mpaka inakwisha, na unga unabaki palepale.

Lakini unga wa kawaida, ule mweupe, ni mvivu. Unaamka kwa miale mikali tu, ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na katika mwanga wa jua miale hiyo ni haba sana. Wenzake huko duniani walikuwa wakinunua taa maalumu za kuuamsha. Wa kwake ulikuwa wa njano, njano ya siagi, na uliamka kwa mwanga wowote wa dirishani. Ajabu yote ya kazi yake ilikuwa katika ile njano.

Unga huo uliokwa katika tanuru, na hili tanuru sharti nilieleze, kwa sababu ndilo lililotutoa roho. Lilikuwa sanduku la chuma lenye matofali ndani na rafu mbili, moja juu ya nyingine, na lilikula umeme kiasi kwamba likiwashwa, feni ya chumba cha pili inazubaa. Kwa hiyo idara iliweka sharti, na mtu fulani alilipaka ukutani kwa brashi: TANURU HALIWASHWI KWA MTU MMOJA. Ukitaka kuchoma kitu, unasubiri mwenzako naye awe na cha kuchoma. Mwenzake wifi karibu siku zote alikuwa mtafiti mmoja wa mambo ya kilimo, mtu wa umri wa baba yetu, aliyekuwa akichoma udongo wa mashamba apate kujua ndani yake mna nini. Chuoni walimwita Mzee wa Udongo. Trei zake zilikuwa nzito, kwa hiyo yeye alichukua rafu ya chini, na wifi akaweka vijungu vyake rafu ya juu. Waliitana jirani. Miaka waliyochoma pamoja hawakuwahi kugombana, jambo ambalo mimi na majirani zangu wa kweli hatujaliweza.

Wifi akaandika makala yake, ikachapishwa katika jarida kubwa, na mambo yakaanza kunyooka. Akaolewa, akapata udaktari wake, akaalikwa kusema huku na kule. Mkuu wa idara, ambaye zamani alikuwa akilisahau jina lake kila walipokutana koridoni, sasa akawa anawaleta wageni mlangoni kwake na kuwaambia "huyu ni wetu". Wafadhili wakatoa maabara mpya ghorofani katika jengo jipya: sakafu inang'aa, madirisha yanafungika, na tanuru jipya kutoka ng'ambo, lenye namba zinazowaka na mlango unaojifunga wenyewe. La kwake peke yake. Hakuna kusubiri mtu.

Mama alikuwa na namna yake ya kujivunia. Wifi na kaka walikuwa na chumba chao humohumo katika nyumba ya mama, na kila Ijumaa wifi alirudi na koti lake jeupe la kazini, na mama alilifua kwa mikono yake mwenyewe. Mimi sikuruhusiwa kuligusa, ati nitalitia bluu. Akishalifua hakulianika nyuma kwenye kamba zangu. Alilianika mbele, upande wa barabarani, ili mpita njia aulize ni la nani.

Halafu unga ukatoka mweupe.

Ulikuwa upishi wa kwanza wa tanuru jipya, na wifi alidhani amekosea kupima. Akapika tena. Mweupe kama chokaa. Akautia katika maji yangu, akaweka dirishani, jua likawaka mpaka likazama, na maji yakabaki bluu kama nilivyoyatoa. Akapika tena na tena, na kila mara alifungua mlango wa lile tanuru la fahari akaambulia patupu.

Wakati huohuo zikaja barua kutoka maabara mbili za mbali. Walikuwa wamefuata makala yake neno kwa neno na hawakupata kitu. Barua moja ilikuwa ya adabu. Ya pili haikuwa. Kisha jarida lenyewe likauliza. Mkuu wa idara akamwita ofisini akamfungia mlango: mwisho wa muhula kamati itakaa, na mbele yake ama aurudie ule unga watu wakiona, ama atie saini kwamba anaiondoa makala yake. Kuiondoa maana yake ni kukiri kwamba alilolisema halikuwepo. Maabara itapewa mwingine, na jina lake, popote litakapotajwa na watu wa kazi yake, litatajwa kama la mtu aliyepika matokeo. Hakuna aliyemwita mwongo. Neno lilikaa tu mle chumbani kama mgeni asiyeaga.

Alikuwa na kopo moja la ule unga wa zamani, wa njano, limebaki kabatini. Mkuu wa idara alilijua. Akamnong'oneza kwamba siku ya kamati autumie huo huo, maji yatasafika, watu watapiga makofi, na hakuna atakayeuliza umepikwa lini. Wifi alikuja kutusimulia hayo akiwa amesimama, hata mkoba hajautua. Mimi ningeutumia, na nasema hivyo macho makavu. Nikamwambia hivyo hivyo: autumie, awazibe midomo, halafu atafute kosa kwa nafasi.

"Kopo hilo likiisha je, wifi?" akaniuliza. "Ukweli mwingine nitauazima kwa nani?"

Nikaenda kukoroga mapipa yangu kwa hasira.

Alijaribu kila kitu. Alibadilisha maji, akabadilisha spiriti ya kuchanganyia unga, akaagiza titani kwa muuzaji wa zamani na kwa mpya, akazidisha moto, akapunguza moto. Hakufua dafu. Alikonda mpaka kaka akaanza kumpikia, na kaka hajui kupika. Koti akaacha kumpa mama. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao, na Ijumaa zikapita. Mama alikaa uani na beseni lake, akafua taulo, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Mwishowe wifi akasema kama unga ulipikika katika tanuru la zamani, basi atarudi kwenye tanuru la zamani. Ile maabara ya chini ilikuwa imefanywa stoo ya viti vilivyovunjika, na tanuru lilikuwa limekatika waya wake wa moto tangu walipohama. Hapo kaka yangu alipata pa kushika. Siku zake zote za mapumziko alizimalizia mle ndani, amelala chini kifudifudi, kichwa ndani ya lile sanduku, anasokota waya mpya na kuupitisha kwenye matofali. Mimi nilipeleka chai na malalamiko. Siku lilipowaka, feni ya chumba cha pili ikazubaa, na sote watatu tukafurahi kuiona inazubaa.

Wifi alitaka jaribio safi kabisa. Akaomba ruhusa kwa mkuu wa idara avunje lile sharti la ukutani, achome peke yake, tanuru liwe tupu lisilo na kitu cha mtu mwingine. Akapewa. Akapanga vijungu vyake rafu ya juu kama zamani, joto lilelile, saa zilezile.

Ukatoka mweupe.

Alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu akalia, na hakujificha. Kaka alikaa naye sakafuni. Mimi nilimwona mwanamke yule, aliyewahi kunijibu maneno yangu yote bila kupandisha sauti, akifuta uso kwa kitambaa cha kufutia meza na kusema labda alidanganya bila kujua, labda macho yake yalitaka njano mpaka yakaiona. Niliwachukia wote: kamati, jarida, yule mwandishi wa barua isiyo na adabu, na hata unga wenyewe. Nilitamani niuchovye kwenye pipa la njano nimalize kazi.

Ulikuwa umebaki upishi mmoja. Kamati ilikuwa karibu, na titani iliyobaki ilitosha vijungu vichache tu. Alikuwa anavipanga kwenye rafu ya juu, mimi nikimshikia trei, mlango uliposukumwa akaingia Mzee wa Udongo. Yeye hakuhamishiwa jengo jipya. Hakuna mfadhili aliyemtaka. Alikuwa amesikia feni ya ofisini kwake inazubaa, akajua tanuru limefufuka, naye ana udongo umemrundikia tangu liharibike. Alisimama mlangoni na trei zake mikononi.

"Jirani," alisema, "naona umemfufua mzee mwenzangu. Rafu ya chini ina mtu?"

Mimi nilikwisha fungua mdomo kumfukuza. Huu ulikuwa upishi wa mwisho, jina la mtu liko ndani ya tanuru, na huyu analeta matope. Kila sababu ya kisayansi ilikuwa upande wangu, na wifi aliijua kuliko mimi. Akatazama vijungu vyake, akatazama yale maandishi ya ukutani, kisha akasogea pembeni.

"Karibu, mzee. Rafu ni yako."

Baadaye nilimgombeza, akaniambia hakuwa na moyo wa kumnyima nafasi mtu ambaye hakuwahi kumnyima. Na zaidi ya hapo, alisema, alikuwa amekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hana sababu ya kuwa mchoyo.

Kesho yake asubuhi tanuru lilikuwa limepoa. Kaka akavuta mlango. Kilichotangulia kutoka ni harufu, kali, ya kuchoma pua, harufu ya choo cha stendi. Nikarudi nyuma nikimlaani Mzee wa Udongo kimoyomoyo. Kisha nikaona kaka hajarudi nyuma. Alikuwa ameganda na koleo mkononi. Kwenye rafu ya juu, katika kila kijungu, unga ulikuwa wa njano. Njano ya siagi.

Wifi alitazama rafu ya juu, akatazama ya chini, akarudi ya juu. Niliona uso wake unabadilika polepole kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali.

"Mzee," akauliza, "udongo wako una nini ndani?"

"Udongo," akajibu mzee, na kidogo alikuwa amekasirika.

"Na nini kingine?"

"Mbolea, jirani. Mimi napima mbolea. Unataka nitie nini, sukari?"

Wifi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, chini ya yale maandishi, na machozi yakawa yanamtoka upya, lakini haya hayakuwa yale ya juzi. Alipoweza kupumua akatueleza. Mbolea ikipata moto inatoa mvuke wenye naitrojeni, ndio ule uliotuchoma pua. Mvuke unapanda. Unaukuta unga rafu ya juu ukiwa wa moto, unajipenyeza ndani yake, na unga unageuka njano na kujifunza kuamka kwa mwanga wa kawaida. Miaka yote ile Mzee wa Udongo alikuwa akiutia viungo unga wake kutoka chini, na wao wawili hawajui. Katika makala alikuwa ameandika joto, saa, uzito, hata duka aliponunua spiriti. Hakuandika nani alikuwa rafu ya chini. Nani anamwandika jirani? Na wale wa maabara za mbali, kila mmoja na tanuru lake safi, walifuata maneno yake sawasawa wakapata unga mweupe kwa sababu hawakuwa na mtu wa kusubiriana naye.

Mzee alisikiliza yote hayo, akakuna kidevu, akauliza kama basi na yeye ni mwanakemia. Wifi akamwambia ni mwanakemia tangu zamani, ila alikuwa hajalipiwa ada. Walicheka wote wawili mpaka kaka naye akacheka, na kaka kucheka kwa sauti ni tukio.

Hakukimbilia kwa kamati na ule unga. Mimi ningekimbia. Yeye alipanda ghorofani kwenye tanuru lake jipya, safi, akaweka kijungu cha mbolea ya yurea chini na unga wake juu. Njano. Akaondoa yurea. Mweupe. Akatia nyingi, ikawa njano zaidi, akatia kidogo, ikafifia. Sasa alikuwa ameishika njano kwa mkono wake mwenyewe, anaiita ikaja, anaifukuza ikaondoka.

Siku ya kamati mimi ndiye niliyebeba maji. Niliyatoa pipa la bluu asubuhi hiyohiyo, bluu nzito ya mashuka, nikaketi nyuma kabisa na ndoo yangu. Wanakamati walikuwa wamekunja nyuso. Mbele ya mkuu wa idara ilikuwapo ile karatasi ya kuondoa makala, imekwisha pigwa chapa, inangoja saini tu. Wifi alisimama bila koti, katika gauni lake la kawaida.

"Makala yangu ina kosa," alianza.

Nikasikia viti vikilia. Mkuu wa idara akasogeza karatasi mbele kidogo na kalamu juu yake.

"Nilisahau kumwandika jirani yangu," akasema, na akamwonyesha Mzee wa Udongo, aliyekuwa amekaa mstari wa kwanza na suti iliyokuwa ya mtu mnene zaidi.

Akawaeleza yote, kuanzia sharti la ukutani. Hakuficha kwamba alikuwa hajui. Kisha akapanga mabakuli kwenye dirisha, nami nikamimina: moja bila unga, moja lenye unga mweupe, moja lenye wa njano uliopikwa juzi. La nne lilikuwa na unga wa njano pia, lakini akalifungia kabatini gizani, asije mtu akasema unga unanyonya rangi tu na wala hauivunji. Chai ikaletwa. Watu wakanywa wakijifanya wanazungumza mambo mengine, na macho yote yako dirishani. Kabla birika halijapoa, bakuli la tatu lilikuwa limeanza kufifia. Birika la pili lilipokuja, maji yalikuwa meupe, na yale mengine matatu, pamoja na lile alilolitoa kabatini, yalikuwa bluu kama yalivyotoka karakanani kwangu.

Mwanakamati mmoja, mama wa makamo ambaye hakuwa ametabasamu tangu aingie, aliinua lile bakuli, akalizungusha kwenye mwanga, akalitua, akaanza kupiga makofi. Wengine wakamfuata. Mkuu wa idara aliikunja ile karatasi mara mbili akaitia mfukoni, na nilimwona. Nilikuwa na neno la kumpa, neno zuri lililokomaa, lakini wifi alinitupia jicho, nikalimeza. Bado ninalo.

Makala ikasahihishwa, na jina la Mzee wa Udongo likakaa kando ya jina la wifi. Zile maabara mbili zikaandika tena kwamba nao wamepata njano. Hata yule asiye na adabu aliandika kwa adabu. Na wifi, ambaye wangemchukua popote sasa, alichukua ngazi, akapanda juu ya paa la karakana yangu na kaka nyuma yake, wakapanga masinia mapana ya vigae vilivyopakwa ule unga na kuokwa. Maji ya mapipa yangu yakawa yanapanda kwa pampu, yanatembea polepole juu ya vigae juani, yanashuka upande wa pili kwenye bomba dogo.

Siku ya kwanza nilitia bluu kali kuliko zote nilizowahi kutia. Sikutaka mtu aseme nilimwonea huruma. Tulisimama uani, mimi, kaka, wifi na Mzee wa Udongo, tukitazama bomba kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Maji yakatoka. Meupe. Nilipiga kelele ambayo sitaikana.

Tulipogeuka, mama hakuwepo. Alikuwa ameingia ndani, na alipotoka alikuwa na beseni mkono mmoja na lile koti mkono wa pili. Alikuwa ameliondoa kwenye msumari nyuma ya mlango, na lilikuwa na vumbi mabegani. Akakinga beseni chini ya bomba. Wifi akamkimbilia.

"Mama, ngoja kwanza. Niyapime."

Mama hakuinua kichwa. Beseni lilikuwa linajaa.

"Pima hayo mengine," alisema. "Wewe nilikwisha kukupima."

Akalizamisha koti, akalisugua kola, akalisugua mikono, akalikamua. Wifi, aliyesimama mbele ya kamati bila kutetemeka, aliketi kwenye ngazi ya jikoni akalia kwa sauti kama mtoto, na kaka akamshika bega. Koti likatoka jeupe. Mama alilikung'uta, akapita katikati yetu, akazipita kamba zangu zote za nyuma, akaenda kulianika mbele, upande wa barabarani. Nami nikajifuta mikono nikasimama getini, nikisubiri mtu aulize ni la nani.